MARADHI YA ULEVI NA DAWA YAKE
Nasaha kwa wenye vijana machimboni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu wa pwani, hapana mji wetu mmoja leo usio na kijana aliyekwenda bara kutafuta dhahabu. Toka Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Lindi, na toka visiwani, wapanda gari kwenda Kahama na Geita, na nyuma yao mama waomba dua. Wengine hurudi na riziki ya halali, nasi twamshukuru Mungu. Wengine hurudi wamekonda, mikono yatetemeka, na jioni ikifika hawatulii mpaka wapate kileo. Hapo ndipo nyumba nyingi huharibika. Baba humfukuza, ndugu humfunga kamba, jirani humcheka, na imamu humtaja katika khutba. Kila mmoja adhani kuwa amefanya wajibu wake, na yule kijana azidi kuzama.

Katika somo hili twataka kubainisha jambo moja, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kushikwa na ulevi ana dhambi ya kutubia, na pia ana maradhi ya kutibiwa, na maradhi hayo yamo katika ubongo wake. Mwenye kuitazama dhambi peke yake hampi dawa, na mwenye kuyatazama maradhi peke yake hampi toba. Mgonjwa huyu ana haja ya vyote viwili.

FASILI YA KWANZA: KHABARI ZA NCHI YA DHAHABU

Dhahabu ya Geita haikuanza kuchimbwa jana. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tokea mwaka 1936 hata 1966. Mgodi mkubwa wa zama zetu ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama katika Shinyanga, mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa. Lakini maneno yetu si juu ya migodi mikubwa yenye uzio na kanuni zake. Maneno yetu ni juu ya machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu upande wa Geita, na Mwakitolyo upande wa Shinyanga. Huko watu huchimba mashimo yaitwayo maduara, hushuka kwa kamba, na mawe hupandishwa juu katika mifuko. Mawe yakisha kusagwa kwa karasha huoshwa kwenye mialo, na dhahabu hukusanywa kwa zebaki.

Mchimbaji huyu mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Ujira wake ni mgao wa mifuko ya mawe. Huenda wiki nyingi zikapita hana kitu ila chakula cha deni, kisha siku moja mawe yakatoa dhahabu, akashika fedha ambayo baba yake hakupata kuishika kwa mwaka mzima. Na fedha hiyo humfikia mahali ambapo hana baba, hana mjomba, hana mke, wala hana mzee wa msikiti amjuaye kwa jina. Wauzaji wa vileo wao wako karibu naye mno.

Tena kazi yenyewe ni ya khofu. Duara huporomoka, hewa chini ni haba, na joto ni kali. Kijana mgeni huambiwa na wenziwe kwamba gongo huondoa khofu na bangi humpa mtu nguvu ya kushuka. Ananywa siku ya kwanza ili ashuke, siku ya pili ili alale, na baada ya miezi ananywa ili mikono yake isitetemeke. Zamani alikuwa na viroba pia, vile vipakiti vidogo vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei rakhisi na kutiwa mfukoni. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Lakini marufuku huondoa kipakiti, haiondoi kiu iliyokwisha kukaa katika ubongo wa mnywaji. Na hiyo kiu ndiyo tuitakayo kuieleza.

FASILI YA PILI: KAZI YA UBONGO

Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo wa mwanadamu, ambao uzito wake ni kama kilo moja na nusu kasoro kidogo, uwe na sehemu nyingi, na kila sehemu ina kazi yake. Twazitaja mbili tu.

Ya kwanza iko ndani kabisa, nayo ni mahali pa tamaa. Mtu akila akiwa na njaa, au akinywa maji akiwa na kiu, au akimwona mwanawe baada ya safari, sehemu hii hutoa maji maji machache mno yaitwayo dopamini, nayo huuambia ubongo: jambo hili lina faida nawe, likumbuke na ulirudie. Bila ya tamaa hii mtu asingelima, asingeoa, wala asingelea. Ni neema katika neema za Mungu.

Ya pili iko mbele, nyuma ya paji la uso. Kazi yake ni kupima mambo, kukumbuka ahadi, kuona mwisho wa jambo, na kusema la. Nyinyi watu wa bahari mwajua kwamba chombo chataka upepo na chataka usukani. Tamaa ni upepo, na sehemu hii ya mbele ni mshika usukani. Pasipo upepo chombo hakiendi, na pasipo usukani chaenda mwambani. Mshika usukani huyu hukawia kukomaa, kwani wataalamu wamekuta kwamba sehemu hiyo haitimii kabla ya miaka kama 25. Basi kijana wa miaka 18 apewaye gongo apata madhara makubwa kuliko mzee, na apewaye bangi nyingi huenda akili ikamruka kabisa.

Mwaka 1954, katika mji wa Montreal nchini Canada, wataalamu wawili, James Olds na Peter Milner, walitia uzi mwembamba wa umeme katika ubongo wa panya, karibu na mahali pa tamaa, wakamwachia kijiti cha kubonyeza ili ajitie umeme mwenyewe. Yule panya alikibonyeza mara mamia kwa saa moja, tena na tena. Hakuwa na njaa ya kuondoa wala kiu ya kutuliza. Mahali pa tamaa paliguswa moja kwa moja, na tamaa ikawa haina kipimo. Basi vileo hufanya kazi namna hiyo. Pombe, heroini na vinginevyo huingia kwa mlango wa nyuma na kuitoa dopamini kwa wingi kuliko chakula au furaha ya halali.

Baadaye mtaalamu mwingine, Wolfram Schultz, alionyesha kwa nyani jambo ambalo kila mtu wa machimboni yampasa kulijua. Nyani akipewa maji ya matunda bila kutazamia, dopamini hutoka. Akizoea kwamba taa ikiwaka maji yaja, dopamini hutoka kwa kuona taa, si kwa kuonja maji. Na taa ikiwaka kisha maji yasije, dopamini hushuka chini ya kawaida yake. Maana yake ni kwamba ubongo hujifunza alama. Kwa mchimbaji mlevi, mlio wa karasha, harufu ya gongo, siku ya mgao, na sauti ya rafiki wa kunywa naye, zote hizo ni taa. Ataazimia asubuhi kwa moyo wa kweli kuwa hanywi, na jioni akipita karibu na kilabu tamaa humrukia kabla hajawaza. Na tazama tena kwamba kitu kijacho bila kutazamiwa ndicho kiitikisacho sehemu hii zaidi. Dhahabu ndiyo hali yake, leo hakuna, kesho hakuna, kesho kutwa mtu atajirika. Basi kazi yenyewe humzoeza kijana kukimbilia bahati, na kileo chakuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Wataalamu wamegundua jambo jingine nalo ni la ajabu, kwamba kutaka na kufurahi ni vitu viwili mbali mbali. Kadiri ulevi uzidivyo, kutaka huongezeka na furaha hupungua. Ndiyo sababu utamsikia mlevi akisema, "Wallahi sioni raha tena," na huku mkono wake wafuata chupa. Watu humwita mwongo, naye asema kweli.

FASILI YA TATU: MIZANI ILIYOPOTOKA

Ubongo wapenda usawa, kama mizani ya dukani. Pombe ni jiwe linalowekwa katika sahani ya utulivu, nayo hupunguza khofu na huleta usingizi. Mtu akiliweka jiwe hilo kila siku, ubongo nao huweka jiwe lake katika sahani ya pili, sahani ya kuamka na kushituka, ili mizani isimame. Ndiyo maana glasi moja iliyomtosha mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Siku atakapoiondoa pombe ghafula, jiwe la pili hubaki peke yake, na mizani huanguka upande huo. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo hupiga mbio, na usingizi hukimbia. Watu wetu huiita hali hii arosto.

Hapa pana khatari ambayo wengi hawaijui, nasi twaitaja kwa herufi nzito ya moyo. Mtu aliyekuwa akinywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu, akikatwa ghafula bila ya tabibu, huenda akashikwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo. Na baina ya siku ya pili na ya nne huenda akaona vitu visivyokuwako, akapigana na hewa, mwili ukashika moto, na akafa. Watu husema ameingiwa na shetani au amerogwa na watu wa bara, wakamfunga kamba na kumsomea, na yeye ahitaji hospitali usiku ule ule. Kumsomea Kurani ni kheri na baraka. Kumzuilia tabibu ni kumwua.

Arosto ya heroini yenyewe ni mateso makubwa ya maumivu, kutapika na kuharisha, lakini kwa kawaida haimwui mtu mwenye nguvu akipewa maji na uangalizi. Khatari yake yaja baadaye. Aliyefungiwa ndani wiki chache, mwili wake umekwisha kusahau kile kipimo kikubwa alichokizoea. Akitoka na kukirudia kipimo kile kile cha zamani, pumzi husimama. Vijana wengi hufa siku chache baada ya kutoka kifungoni au nyumbani walikofungiwa, na jamaa zao walikuwa wamekwisha kumshukuru Mungu kwamba amepona.

FASILI YA NNE: MARADHI HAYAONDOI TAKLIFU

Suali: Mkisema kuwa ni maradhi, je, si mwampa mlevi udhuru? Dhambi yake yaenda wapi?

Jawabu: Ulevi ni haramu, na katika hilo hapana shaka wala khitilafu baina ya Waislamu. Aliyeinua glasi ya kwanza kwa khiari yake ana jukumu lake mbele ya Mungu. Lakini mtu aweza kuingia katika maradhi kwa kosa lake, na maradhi yakawa maradhi. Aliyepanda mti wa watu ili aibe nazi akaanguka na kuvunjika mguu, je, twamwacha na mguu wake kwa sababu alikuwa mwizi? Twamfunga mguu, na hukumu ya wizi ina mahali pake.

Tena maradhi haya hupunguza uwezo, hayauondoi wote. Mwenye kisukari hawezi kuiamrisha damu yake iwe sawa, bali aweza kwenda kwa tabibu, kunywa dawa na kuacha kilicho na madhara. Hilo ndilo ataulizwa. Vivyo hivyo mraibu huenda asiweze leo kuishinda tamaa kwa nguvu ya nafsi yake peke yake, lakini aweza kusema, "Nishikeni mkono mnipeleke." Neno hilo ni katika toba, na wajibu wake waanzia hapo.

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Usama bin Sharik, kwamba mabedui walimwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawajulisha kwamba Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na katika Bukhari imo khabari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa ulevi. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani, Mtume akamkataza, na akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Na katika khabari nyingine aliwakataza masahaba wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilipitishwa, na pamoja na hayo mlango wa udugu haukufungwa. Sisi leo hatuna mamlaka ya kupitisha adhabu, na mlango tumeufunga.

FASILI YA TANO: NAMNA YA TIBA

Angalieni namna ulevi ulivyoharimishwa Madina. Aya ya 219 ya sura ya al-Baqara ilibainisha kwamba madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha aya ya 43 ya sura ya an-Nisaa ikawakataza watu kuikaribia sala hali wamelewa, na kwa kuwa sala ni tano, saa za kunywa zikawa chache. Kisha aya ya 90 na ya 91 za sura ya al-Maida zikaukata kabisa, na pombe ikamwagwa katika njia za Madina. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba lau katazo lingalitangulia, watu wangalisema hawaachi kamwe. Mtu asidhani kuwa twampa ruhusa ya kunywa kidogo kidogo, kwani hukumu imekwisha timia nayo ni haramu mpaka siku ya mwisho. Mafunzo tuyatakayo ni kwamba Muumba wetu ajua mazoea yalivyo mazito, na aliwatengeneza waja wake kwa hekima na taratibu.

Tiba nayo ina daraja zake.

Daraja ya kwanza ni kuutoa mwili katika arosto kwa salama. Kwa mlevi wa gongo, tabibu humpa dawa ya kutuliza yenye kazi karibu na ile ya pombe, akaipunguza siku kwa siku mpaka ubongo uondoe jiwe lake wenyewe. Humpa pia vitamini B1, ambayo walevi huikosa, na kukosekana kwake huharibu kumbukumbu na mwendo. Tabibu aambiwe pia kazi ya mgonjwa. Mwenye kuchoma zebaki huvuta moshi wake, na moshi huo nao hutetemesha mikono na kudhoofisha kumbukumbu. Rwamagasa ilichunguzwa juu ya zebaki katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 2002 hata 2007. Basi si kila mkono utetemekao katika nchi ya dhahabu ni wa mlevi, na wengine wana mambo yote mawili.

Daraja ya pili ni kuufunza ubongo upya. Hii ni kazi ya miezi na huenda ikawa ya miaka, nayo hufanywa kwa mazungumzo na mshauri, kwa kukaa na wenziwe walioacha, na kwa kazi na saa zenye mpango. Huko Unguja na pwani ya bara ziko nyumba za upataji nafuu ambazo baadhi ya walezi wake wenyewe walikuwa waraibu. Wala kazi hii si ya bure. Wataalamu wa Marekani walipiga picha bongo za watu walioacha dawa iitwayo methamfetamini, na baada ya miezi 12 hata 17 waliona kwamba baadhi ya sehemu zilizoharibika katika njia ya dopamini zimeanza kurudi. Ubongo wapona, ila wataka muda, kama mfupa utakavyo muda.

Daraja ya tatu ni kubadili mahali na marafiki. Mwaka 1971 Marekani iliona kwamba wengi katika askari wake waliokuwa vitani Vietnam wamekuwa waraibu wa heroini. Mtaalamu Lee Robins akawafuata waliporudi kwao, akakuta kwamba katika kila mia waliokuwa waraibu kule, kama watano tu ndio walioshikwa tena katika mwaka wa kwanza. Zile taa zote zilibaki Vietnam. Nasi Waislamu twaijua kwa muda mrefu khabari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99 kisha akamaliza mia. Alipotaka kutubu, yule mwanachuoni alimwambia mlango wa toba uko wazi, na pamoja na hayo akamwamuru aihame nchi yake aende penye watu wema. Hakumwambia atubu na akae palepale. Basi kijana aliyetibiwa Mwanza na kurudishwa juma lile lile kwenye duara lile lile na wenziwe wale wale, amepewa nusu ya tiba.

Na mtu akianguka baada ya kuacha, msiseme tiba ni uwongo. Hesabu itajwayo na matabibu wa Marekani ni kwamba katika waraibu mia waliotibiwa, baina ya 40 na 60 huanguka tena, na hali hiyo yakaribia ile ya wenye shinikizo la damu na pumu. Mwenye pumu akibanwa tena, hatusemi hospitali haina maana. Twamrudisha.

FASILI YA SITA: SUALI LA METHADONI

Suali: Twasikia kwamba waraibu wa heroini hupewa methadoni, nayo ni katika jamii ya heroini. Je, si kubadili haramu kwa haramu? Na Mtume amesema kwamba ulevi ni ugonjwa, si dawa.

Jawabu: Suali hili ni zito na mwenye kuliuliza ana haki. Methadoni ilianza kutumiwa kwa kazi hii New York, katika miaka ya 1964 na 1965, na matabibu Vincent Dole na Marie Nyswander. Huku kwetu Tanzania ilianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikafikishwa miji mingine, na Mwanza, jirani ya Geita na Shinyanga, ni mmoja wao. Tofauti yake na heroini ni katika mwendo wake ndani ya ubongo. Heroini hupanda ghafula kama wimbi na kushuka baada ya saa chache, na kupanda huko na kushuka ndiko kunakomfanya mtu mtumwa. Methadoni huingia polepole na kukaa zaidi ya saa 24. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mwuguzi. Kipimo kikiwa sawa hailewi, haimpi arosto, na akili yake yabaki naye. Husali, hufanya kazi, hula na watoto wake. Na kwa kuwa hajidungi sindano, amepunguziwa khatari ya ukimwi na homa ya ini, na waliomo katika tiba hii hufa wachache mno kuliko walioachwa nje.

Sharia ilipoharimisha ulevi ilihifadhi akili na nafsi. Kileo chaiondoa akili, na dawa hii, kwa mkono wa tabibu mwaminifu na kwa kadiri ya haja, yairudisha. Na kanuni ya dharura yajulikana kwa wanazuoni wote, nayo ina mpaka wake: hukadiriwa kwa kadiri yake. Basi anywaye kwa amri ya tabibu si sawa na auzaye au ajizidishiaye, na huyo wa pili hana ruhusa. Mwenye shaka katika nafsi yake na aende kwa shekhe wake pamoja na tabibu wake, wala asikate dawa kwa neno la barazani. Mwenye kukatishwa methadoni ghafula na watu wa baraza hurudi kwenye unga, na huenda akafa, na damu yake haitawaacha waliomkatisha.

FASILI YA SABA: WAJIBU WETU

Wazazi, msimpeleke kijana machimboni bila ya mtu wa kumtazama. Mjue anakaa na nani, na fedha zake, kwa ridhaa yake, zipitie kwa mtu mwaminifu siku ya mgao, kwani siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Akirudi mgonjwa, msimfukuze usiku. Nyumba ndiyo dawa ya kwanza. Wala msimpe fedha mkononi, mpeni chakula, nauli ya hospitali, na mtu wa kufuatana naye.

Wenye maduara katika Waislamu, msilipe ujira kwa gongo wala msimruhusu aliyelewa kushuka. Mwenye kumshusha mlevi katika shimo ameshiriki katika lililompata.

Maimamu wa Geita, Kahama na Shinyanga, wageni wetu wako mikononi mwenu. Mjueni kijana kwa jina kabla muuza gongo hajamjua. Ikamateni saa ile baina ya magharibi na isha kwa darasa, kwani hiyo ndiyo saa ya kilabu. Katika khutba kemeeni ulevi kwa nguvu zote, na mtu mwenyewe msimtaje. Aliye katika tiba mpeni mahali katika safu, hata kama jana alianguka.

Na wewe ndugu uliyeshikwa, ukiwa waisoma karatasi hii au wasomewa: tamaa hii ikujiayo si dalili kwamba Mungu amekuacha. Ni ubongo uliojifunza vibaya, nao waweza kufunzwa tena. Wimbi la tamaa hupanda, na mtu asipolifuata hushuka lenyewe, mara nyingi kabla ya saa kupita. Tia udhu, ondoka mahali ulipo, keti na mtu. Na kukicha, nenda hospitali. Ukiwa ulikuwa wanywa kila siku, usikate peke yako. Mwambie tabibu kweli yote, kwani kumficha tabibu si haya, ni kujidhulumu.

KHATIMA

Muhtasari wa somo letu ni huu. Kileo huiteka tamaa na kumdhoofisha mshika usukani, hata mtu akataka asilolipenda. Toba yamrudisha kwa Mola wake, na tiba yamrudishia chombo cha kushika toba hiyo. Mwenye kumpa kijana kimoja na kumnyima cha pili amemwacha katikati ya bahari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio chini ya ardhi na walio juu yake, awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu hekima, na atupe sisi nyoyo za kuwapokea wanaorudi. Amin. Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.